Boyhood: sifa ni halali, ila zimeshushwa nyumba ya jirani

Mwanzoni kabisa mwa filamu hii, kabla hujashika majina ya watu, Mason, mtoto wa miaka sita, anapewa brashi apake rangi fremu ya mlango. Familia inahama na nyumba inabidi iachwe safi. Kwenye fremu kuna alama za kalamu, zile ambazo wazazi huweka kupima watoto wanavyorefuka. Brashi inapita mara mbili tatu na alama zimekwisha. Hakuna muziki wa kukutoa machozi, wala mama hasimami pembeni na mkono mdomoni. Muda mfupi baadaye gari linaondoka, rafiki wa mtaani anapunga mkono akiwa kwenye baiskeli, na rafiki huyo hatumwoni tena mpaka filamu inaisha.

Hapo mwongozaji, Richard Linklater, ameshakuambia namna filamu nzima itakavyokwenda. Kitu kinafutwa, maisha yanaendelea, hakuna anayekuja kukukumbusha.

Boyhood ilitoka 2014 na sifa zikaimiminikia. Tovuti ya Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki, iliipa 100 kwa 100. Ikachukua Dubu wa Fedha wa mwongozaji bora kule Berlin, ikachukua Golden Globe na BAFTA ya filamu bora, ikateuliwa tuzo sita za Oscar na kuondoka na moja tu, ya Patricia Arquette kama mwigizaji msaidizi wa kike. Ukiiwekea watu wa hapa Dar, wale waliozoea muvi yenye mpango, usaliti na mtu wa kufukuzwa, utasikia lalamiko lilelile: saa mbili na dakika 45, halafu kimetokea nini? Lalamiko hilo si ujinga. Fikiria muvi hii ikionyeshwa kibanda umiza enzi za Lufufu, mtafsiri na kipaza sauti chake: angetangaza nini? "Sasa kijana anakula chakula cha jioni"?

Msimamo wangu ni kwamba filamu hii inastahili sifa, lakini sifa nyingi zimeshushwa mlango usio wake. Watu wamesifu miaka 12, ile ambayo waigizaji walewale walishutiwa kidogo kidogo kila mwaka huku wakikua na kuzeeka kweli. Miaka 12 ni namna ya kutengeneza, na mtazamaji halipi kiingilio kuangalia kalenda ya mtengenezaji.

Tuipige hesabu hiyo miaka, maana namba zake zina mafunzo kuliko maneno mengi yaliyoandikwa. Kazi ilianza 2002 jimboni Texas na ikaisha 2013, na siku zote za kushuti zikijumlishwa hazifiki 50. Yaani siku tatu au nne kwa mwaka. Filamu ina dakika 165, kwa hiyo kila mwaka umetoa wastani wa dakika 14 hivi, na kila siku ya kazi imetoa zaidi ya dakika tatu za filamu iliyokamilika. Mtu aliyewahi kushuti Bongo Movie ya haraka anajua dakika tatu kwa siku si mchezo ukitaka ubora. Iliwezekana kwa sababu Linklater hakuwaacha waigizaji waropoke mbele ya kamera. Maongezi yale yanayosikika kama ya barazani yalikuwa yameandikwa na kufanyiwa mazoezi kabla. Kila mwaka aliangalia alichonacho, akaandika kipande cha mwaka unaofuata, wakafanya mazoezi, ndipo wakashuti. Hakuanza na mswada kamili. Alianza na ramani ya safari na picha ya mwisho anayotaka kufikia. Fedha zilikuwa dola 200,000 kwa mwaka kutoka IFC, kampuni ya filamu ya Marekani, na gharama yote ilipofungwa ikawa dola milioni 4. Sinema zikarudisha zaidi ya milioni 50.

Uvumilivu huo ni wa kuheshimiwa, ila si jambo jipya. François Truffaut alimfuata Jean-Pierre Léaud katika nafasi ya kijana yuleyule kuanzia 1959 hadi 1979, ingawa kwa filamu kadhaa. Waingereza wana mfululizo wa makala za televisheni ulioanza 1964 na kurudi kwa watu walewale kila baada ya miaka saba. Na kama hoja ni kwamba ukitaka kuonyesha mtu akikua lazima umsubiri akue, basi Moonlight ya Barry Jenkins, ya 2016, inaivunja. Mhusika mmoja, waigizaji watatu wasiofanana sana sura, siku 25 za kushuti, dakika 111. Jenkins aliwazuia wale watatu wasikutane wakati wa kazi ili mmoja asimwige mwenzake, na bado unapomfikia mtu mzima unamwona mtoto ndani ya macho yake. Kwa mhusika mkuu tu, Moonlight imefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kwa hiyo miaka 12 ilinunua nini ambacho waigizaji watatu na mtaalamu wa vipodozi wasingeweza kukileta?

Ilinunua wazazi.

Mtoto kukua tumezoea kukuona. Kila Desemba shangazi anayetoka mkoani anashika kichwa, "huyu si alikuwa mdogo jana!" Tusichokizoea ni kumwona mama akizeeka, kwa sababu tunaishi naye kila siku. Arquette anaanza ni mama kijana aliyeachana na mumewe, ana watoto wawili na hana digrii. Anarudi chuo. Anaolewa na profesa wake, ambaye anageuka mlevi wa kuficha chupa chumba cha kufulia. Anatoroka. Anamaliza masomo, anakuwa mwalimu wa chuo, anaishi na askari aliyerudi Iraq, na uhusiano huo nao unakufa. Uso wake hauna vipodozi vya uzee. Uzito unapanda na kushuka, nywele zinabadilika rangi, mabega yanazoea kubeba. Angalia anavyoshika funguo za gari mwaka wa kwanza na anavyozishika mwaka wa kumi, utaelewa tuzo ilipewa nini.

Ethan Hawke, baba, naye anafanyiwa kazi nzuri kwa njia ya gari. Anaanza na Pontiac GTO, gari la kijana asiyetaka kukua, la kuchukulia watoto wikendi na kuwanunulia vyakula vya njiani. Miaka inapita, kijana anafikisha 15, baba anakuja na gari la familia, lile la milango ya kusukuma, mke mpya na mtoto mchanga. GTO imeuzwa. Kijana anamkumbusha: uliniahidi nikifika 16 litakuwa langu. Baba hakumbuki kabisa. Hasemi uongo, hakumbuki tu. Ahadi iliyobebwa na mtoto miaka yote ile, kwa baba ilikuwa maneno ya kupitishia barabara. Tukio lenyewe ni fupi na hakuna anayepandisha sauti. Mzazi yeyote aliyewahi kusema "ukifaulu nitakununulia baiskeli" ajipange kabla ya kuliangalia.

Mlango wa pili ambao sifa zilipaswa kufika ni chumba cha mhariri, Sandra Adair. Hakuna maandishi ya "miaka miwili baadaye". Hakuna giza linaloingia na kutoka kati ya mwaka na mwaka. Tukio linaisha, la pili linaanza, na wewe ndiye unayetakiwa kugundua kwamba mwaka umepita. Unagunduaje? Kwa nywele kwanza. Kichwa cha kijana ndicho kalenda ya filamu hii: nywele ndefu, kipara cha kulazimishwa na baba wa kambo (tukio la kikatili kuliko hata bilauri inayorushwa mezani), kisha zinaota tena. Baada ya nywele, sauti. Baada ya sauti, vitu: aina ya mchezo wa kompyuta, watoto wanaopanga foleni ya kitabu cha Harry Potter, mabango ya Obama ya 2008 yakichomekwa kwenye majani ya watu. Nyimbo za msimu zinafanya yaliyobaki.

Kwa nini mkato wa namna hii ni mgumu? Kwa sababu ukiukosea kidogo, mtazamaji anadhani kuna kipande kimepotea. Siri yake ni kwamba karibu kila mwaka unafungwa katikati ya jambo, na mwaka mpya unafunguliwa tayari ndani ya jambo lingine, mtu akiwa ameshaanza kusema au kutembea. Jicho linafuata mwendo, akili inakuja nyuma na kushtuka: huyu amerefuka. Wahariri wengi wa hapa kwetu wangeweka picha ya jua linazama Coco Beach na gitaa, mwaka ukapita kwa sherehe. Adair anaupitisha kama unavyopita kwenye nyumba ya mtu.

Mkanda nao ulisaidia. Walishuti kwa mkanda wa milimita 35 mwanzo hadi mwisho, na huo ndio uamuzi wa kiufundi uliookoa filamu. Mwaka 2002 kamera ya dijitali ya bei nafuu iliyosifika ilikuwa Panasonic DVX100. Picha yake kwa mfumo wa Marekani ilikuwa nukta 720 kwa 480, jumla 345,600. Kufikia 2013 kamera za 4K zilikuwa zinatoa zaidi ya nukta milioni 8 kwa picha moja. Wangeanza dijitali, kila mwaka ungekuwa na sura yake, na ule mkato usioonekana ungeonekana kama kiraka cha kitenge kwenye kanzu. Mkanda wa 2002 na wa 2013 unafanana, na ukitaka picha kubwa zaidi unauskani upya. Gharama yake ni nidhamu: rola ya futi 400 inakwisha kwa takriban dakika nne na nusu, ndiyo maana mazoezi hayakuwa hiari.

Sasa makosa, maana yapo na baadhi ni makubwa.

Kuna fundi mhamiaji anayechimba mabomba ya maji taka nyumbani kwao. Mama anamwambia wewe una akili, rudi shule. Miaka kadhaa baadaye familia inakula mgahawani, meneja anakuja mezani: ni yeye, alirudi shule, anashukuru, maneno yako yamebadilisha maisha yangu. Filamu iliyotuapia kwamba maisha hayafungi hesabu zake, hapa imefunga hesabu kwa utepe. Fundi yule hana kwao, hana mke, hana tatizo, kazi yake ni kumpa mama cheti. Ni tukio la hotuba ya mgeni rasmi.

Kinyume chake ni watoto wa yule profesa mlevi. Wale wawili wameishi na hawa wetu kama ndugu, chumba kimoja, meza moja, hofu moja. Mama anapokuja kuwaokoa wanawe, wale wanabaki na baba yao, kwa kuwa mama huyu si mlezi wao kisheria. Hatuwaoni tena. Mtazamaji wa Kiswahili, aliyelelewa kwenye nyumba yenye watoto wa mjomba na wa mama mdogo, hili linamkwama kooni: na wale je? Wahakiki wengine wameliita kosa. Mimi naona ni dakika ya kweli kuliko zote, kwa sababu filamu inakuacha na swali lilelile walilobaki nalo watoto garini. Kosa langefanywa kama wangejitokeza mgahawani kuja kushukuru.

Kosa kubwa zaidi ni saa ya tatu. Kuanzia miaka 15 kijana anakuwa na falsafa. Anaongea kuhusu mitandao, kuhusu maana, anaongea na mpenzi wake, anaongea na baba yake, na mwalimu wake wa picha anamhubiria ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha. Ellar Coltrane alikuwa mtoto wa ajabu mbele ya kamera kwa sababu alikuwa anasikiliza. Alipopewa ya kusema, uso ukafunga. Hiyo ndiyo hatari ya kumchagua mwigizaji akiwa na miaka sita: unachagua mtoto bila kujua kama kijana atakayetoka humo atakuwa na njaa ya kuigiza. Samantha, dada yake, anayechezwa na Lorelei, binti wa mwongozaji mwenyewe, anaanza akiwa moto kuliko kila mtu halafu anafifia hadi kuwa mtu wa kukaa kochi. Inajulikana kwamba katikati ya safari alichoka na akamwomba baba yake mhusika wake afe. Baba alikataa, akisema kifo kingekuwa kikubwa mno kwa filamu ya aina hii. Alikuwa sahihi kuhusu filamu, lakini uchovu umebaki pale kwenye skrini.

Halafu kuna suala la jando. Filamu za makuzi karibu zote zina tukio la kuvukia: busu la kwanza, ngumi ya kwanza, maiti ya kwanza. Linklater ameyaruka makusudi. Wengi wamesifu hilo kana kwamba Mason anakua bila mila. Si kweli. Siku ya kutimiza miaka 15 anapelekwa kwa wazazi wa mama yake wa kambo, watu wa shamba. Bibi anampa Biblia yenye jina lake, mzee anampa bunduki ya kurithi, baba anampa suti. Kitabu, silaha, vazi. Mtu aliyekulia Uzaramoni ataona kumbi palepale, akina nyakanga, wakuu wa jando, wako kazini, isipokuwa ngariba hajaja. Kijana anapokea kwa adabu, anafundishwa kulenga, na kesho yake maisha yanaendelea, hakuna kati ya vile vitu kinachomgusa. Hicho ndicho filamu inachosema: mila ipo, wazee wanajitahidi, mtoto amesimama ndani yake kwa heshima na hayumo. Nyumba nyingi za Dar, ambako jando siku hizi ni hospitali wakati wa likizo na soda baada ya hapo, zinalijua hilo bila kuambiwa.

Tukio linalofuta makosa yote liko karibu na mwisho. Kijana anafungasha kwenda chuo. Mama, ambaye sasa amehamia nyumba ndogo, amemwekea kwenye mizigo picha ya kwanza aliyopiga. Kijana anaitoa: kama ni ya kwanza, basi ndiyo sababu ya kuiacha. Mama analia. Anahesabu kwa sauti: ndoa, watoto, talaka, kukufundisha baiskeli, talaka nyingine, digrii, kazi, dada yako chuo, wewe chuo, na kinachofuata ni mazishi yangu. Halafu anasema alidhani kungekuwa na zaidi ya haya. Mwana hana jibu, anamwona mama anakuza mambo. Ni mlango ule wa mwanzo, ila safari hii aliyepakwa rangi juu ni mama.

Kwa wenzetu wa Dar wanaosema "na sisi tufanye yetu", yako machache ya kujua kabla ya kutafuta mtoto.

Hatuna sababu ya kwenda kwenye mkanda, lakini chagua mfumo mmoja na uufunge: ukubwa wa picha, fremu 24 au 25 kwa sekunde, lenzi zilezile mbili. Nunua lenzi, kodi kamera, maana kamera itabadilika na lenzi itabaki na sura yake. Kilichorekodiwa kiwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba, ikiwezekana nje ya mkoa. Diski inayokaa kabatini miaka mitano bila kuwashwa inaweza kugoma kuamka. Iwashe kila miezi sita, na kila miaka mitatu au minne hamishia kwenye mpya. Joto na unyevu wa pwani vinaua, ukungu kwenye lenzi nao haukusubiri, na umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo ukikukuta katikati ya kuhamisha bila UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, umepoteza mwaka mzima wa utoto wa mtu, na mwaka huo haurudiwi.

Mkataba nao ni kizungumkuti. California mkataba wa kazi wa zaidi ya miaka saba haubani, kwa hiyo waigizaji wa Boyhood walirudi kila mwaka kwa ridhaa tu, na Hawke ndiye aliyekubaliwa kumalizia kazi kama Linklater angefariki. Hapa, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, basi anayesaini ni mzazi au mlezi. Andika mwaka mmoja mmoja, lipa ukimaliza kila mwaka, na weka wazi kwamba mtoto anaweza kukataa. Shuti likizo ya Juni au Desemba, kamwe si mwaka wa mtihani wa darasa la saba. Na andaa kabla namna ya kumtoa kila mhusika bila kumuua: kapelekwa bweni Iringa, kaenda kwa baba yake Mwanza. Kwetu hilo ni maisha ya kawaida, halihitaji maelezo.

Alama za wakati jiji litakupa bure. Mtoto akitumwa dukani arudi na nyanya kwenye mfuko wa rambo, ni kabla ya Juni 2019. Mwendokasi barabara ya Morogoro ni kuanzia 2016, na Kigamboni bila daraja ni kabla ya hapo. Chagua kona moja, tuseme Ubungo, uipige kila mwaka saa ileile hata kama hakuna mwigizaji.

Usitegemee nyumba moja. Mwenye nyumba atapaka rangi, atavunja, atapandisha kodi, au atauza kiwanja watu wajenge ghorofa. Tazama familia ya Mason inavyohama kila baada ya muda: inasikitisha kwenye hadithi, lakini pia imemwondolea mtengenezaji mzigo wa kulinda ukuta uleule kwa miaka 12. Andika wahusika wako wawe wapangaji.